Chanjo ya HPV shuleni na afya ya vijana balehe: maswali yanayorudi kila mara Mtwara na Lindi

Maswali haya ni yale yanayoulizwa kwenye vikao vya wazazi, ofisini kwa walimu wakuu na kwenye mabenchi ya zahanati, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu. Yameanzia ya kawaida yakamalizikia yale yanayomkuta mtu mmoja mmoja. Jibu likishatolewa mahali halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

## Ya msingi

1. Kinachounganishwa ni nini na nini?

Upande mmoja kuna chanjo ya HPV, yaani ya kukinga virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wasichana wa miaka 9 hadi 14 huipata zaidi wakiwa shuleni. Upande wa pili kuna huduma za vijana balehe, yaani wenye miaka 10 hadi 19: elimu ya kupevuka na hedhi, dawa za minyoo na kichocho, kuangalia upungufu wa damu, ushauri, na rufaa kwa mwenye tatizo.

Sababu ya kuziweka pamoja ni rahisi. Kliniki ya mtoto inaisha akifikisha miaka mitano. Baada ya hapo binti wa Tandahimba au Liwale hana la kumpeleka zahanati mpaka augue malaria au apate mimba. Katikati hapo mfumo wa afya haumwoni kabisa. Siku ya chanjo shuleni ndiyo karibu siku pekee ambayo mhudumu wa afya anakaa uso kwa uso na wasichana wengi wa umri huo kwa mpigo, na kuondoka bila kufanya kitu kingine chochote ni hasara.

2. Chanjo yenyewe inazuia nini?

Inazuia maambukizi ya aina za virusi vya HPV zinazosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba takribani asilimia 70 ya saratani hiyo duniani. Nchini kwetu ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine zote: makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa Tanzania kuwa zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000.

Kwa watu wa kusini kuna jambo la ziada. Mgonjwa anayehitaji mionzi hufunga safari hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, na matibabu ni ya wiki kadhaa. Kuna familia zimeuza mikorosho kwa ajili ya nauli na malazi tu.

3. Mtoto wa miaka tisa hajui hata hayo mambo. Kwa nini achanjwe sasa?

Kwa sababu hajui. Chanjo hii inakinga, haitibu. Ikimkuta mtu tayari ana kirusi haimwondolei. HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi huipata miaka michache tu baada ya kuanza. Makuti ya paa hubadilishwa kiangazi, hayasubiri masika. Tena mwili wa mtoto wa umri huu hujenga kinga kubwa kuliko wa mtu mzima.

Wengine huhofia kuwa chanjo ni ruhusa ya kuanza mapenzi. Utafiti uliofanywa nchi mbalimbali haukuona waliochanjwa wakianza mapema kuliko wenzao. Na kwa Mtwara na Lindi tuseme ukweli: binti hapa anafundishwa mambo ya utu uzima unyagoni, mara nyingi kabla ya kumaliza shule ya msingi. Sindano ya bega haimwongezei elimu yoyote katika hilo.

4. Zamani ilikuwa dozi mbili, sasa moja. Wamebana bajeti?

Hapana, japo ni kweli kwamba dozi moja inapunguza gharama. Tanzania ilianza na majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014. Aprili 2018 chanjo ikaenda nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zikipishana miezi sita. Aprili 2024 ikabadilishwa kuwa dozi moja kwa wasichana wote wa miaka 9 hadi 14.

Ushahidi wa dozi moja haukutoka mbali. Sehemu yake ilipatikana Mwanza, ambako wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa kupata dozi moja, mbili au tatu, kisha kinga yao ikafuatiliwa. Karibu wote waliopata moja walijenga kinga dhidi ya aina ya 16 na 18. Utafiti mwingine wa Kenya, kwa wasichana wakubwa kidogo, ukaonyesha dozi moja inazuia maambukizi kwa kiwango cha juu sana. Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja mwaka 2022.

Kwa anayepanga huduma shuleni, badiliko hili lina sura mbili. Kazi imepungua nusu. Lakini nafasi ya pili ya kumwona binti yuleyule baada ya miezi sita imeondoka. Kwa hiyo safari hiyo moja inabeba uzito kuliko zamani.

5. Inalipiwa?

Hapana. Ukiombwa hela ya chanjo, ya kadi au ya "mafuta ya gari", toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mganga mkuu wa halmashauri.

6. Mbona wavulana hawachanjwi?

Mpango wa taifa kwa sasa unalenga wasichana, maana ndio wanaougua saratani ya mlango wa kizazi, na wakichanjwa wengi hata wavulana hupata kinga kwa kuwa mzunguko wa kirusi unakatika. Kuna nchi zinazochanja wote wawili. Ni suala la uwezo na ugavi.

Hapa ndipo kuunganisha huduma kunaposaidia, maana wavulana nao wanapata kitu: dawa za kichocho, mazungumzo kuhusu kubalehe, na nafasi ya kumuuliza mhudumu wa kiume maswali wasiyoweza kumuuliza baba. Kuwaacha wacheze mpira nje huku wenzao wakiingizwa chumbani ndiko kunakozaa uvumi wa swali la 7.

## Wazazi, wajomba na wanaouliza kwa sauti ya chini

7. Ni kweli inafunga kizazi?

Si kweli. Ndani ya chanjo hamna kirusi kizima wala homoni. Mna ganda la protini linalofanana na la kirusi ili mwili ujifunze kulitambua. Imekuwa ikitumika duniani tangu 2006. Rwanda iliwachanja wasichana wake nchi nzima kuanzia 2011, na bado Wanyarwanda wanazaa. Wasichana wetu waliochanjwa 2018 wakiwa na miaka 14 wamevuka 20 sasa. Wengine wana watoto, na unaweza kuwauliza wenyewe.

Uvumi huu hauzuki kwa ujinga. Sindano ya wasichana peke yao, katika umri wa unyago, iliyoletwa na gari la serikali bila maelezo, ingemtia shaka mtu yeyote mwenye akili. Dawa yake ni maelezo kabla ya siku, yatolewe na mtu ambaye kijiji kinamfahamu. Matangazo ya kipaza sauti asubuhi ya siku yenyewe yamechelewa.

8. Wanasema chanjo ni kisingizio cha kuwapima mimba mabinti. Kuna ukweli?

Kati ya maswali yote hili ndilo zito, na ndilo linaloweza kuua mpango mzima.

Mabinti wa shule nyingi nchini wamewahi kupimwa mimba kwa lazima, na kwa miaka mingi aliyekutwa nayo alifukuzwa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wanafunzi wanaokatiza masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za umma, lakini hofu haiondoki kwa waraka. Kwa hiyo gari la afya likiingia uwanjani, kuna binti atakayeruka uzio, na mara nyingi huyo anayeruka ndiye aliyekuwa akiihitaji huduma kuliko wote.

Kitabibu, kupima mimba kabla ya chanjo ya HPV hakuhitajiki. Shirika la Afya Duniani limeeleza hivyo wazi. Mjamzito hupewa baada ya kujifungua kama tahadhari tu, na aliyechanjwa bila kujua kuwa ana mimba hafanyiwi chochote. Si sababu ya kuitoa mimba wala ya kuogopa (tazama pia swali la 22).

Kanuni inayofuata hapo ni fupi. Siku ya chanjo kikombe cha mkojo kisionekane shuleni. Mwalimu akisema "kwa kuwa wauguzi mpo, tuwapime na mimba mara moja", mhudumu akatae. Shule ikifanya hivyo mara moja tu, mwaka unaofuata nusu ya darasa la saba haitatokea, na habari itakuwa imeshafika vijiji vitatu vya jirani.

9. Ruhusa inatoka kwa nani: baba, mama au mjomba?

Kwa kawaida shule huwaarifu wazazi au walezi kabla, na mwenye swali au pingamizi hulipeleka kwa mwalimu mkuu. Lakini anayeijua mikoa hii anajua kwamba kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana kauli kuhusu watoto wa dada yake. Watoto wengi wanalelewa na bibi huku wazazi wakiwa Dar es Salaam. Barua inayoanza "Ndugu baba" humkosa anayeamua.

Kikao kimoja cha kijiji kilichowaita bibi na wajomba kina faida kuliko barua nyingi zilizokunjwa kwenye madaftari.

10. Binti yangu yupo unyagoni siku hizo. Amekosa?

Hajakosa. Akitoka, mpeleke zahanati yoyote inayotoa chanjo akiwa bado hajatimiza miaka 15. Ila ni vizuri zaidi mambo haya yasigongane, na hilo linawezekana kwa kuwa unyago una msimu wake, hasa likizo za Juni na Desemba.

Makungwi wanastahili kuhesabiwa kama wadau, wasichukuliwe kama kizuizi. Kungwi ni mtu ambaye binti atamsikiliza hata akiwa na miaka 30. Akielezwa vizuri chanjo ni nini, na kwamba damu ya kichocho si laana wala si uchafu wa zinaa (swali la 13), atayapeleka maneno hayo mahali ambapo muuguzi hafiki. Kumwita kwenye semina ya siku moja kisha kumkemea kuhusu mila zake hakusaidii.

Hayo yanahusu jando pia. Mvulana anayekwenda kutahiriwa porini kwa kisu cha pamoja yuko kwenye hatari ya pepopunda na maambukizi mengine. Mazungumzo ya siku ya chanjo ndiyo nafasi ya kuwaambia wazazi kwamba tohara ya kitabibu ipo na kwamba sherehe inaweza kubaki palepale.

11. Chanjo inafunguza saumu?

Wanazuoni wengi wanasema sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake. Dawa za kumeza zinafunguza, hilo halina mjadala. Kwa hiyo Ramadhani inawezekana kuchanja lakini si kugawa dawa za kichocho, ambazo zinataka tumbo lenye chakula. Mtoto aliyefunga pia huzimia kirahisi zaidi (swali la 14). Ushauri wetu: kama ratiba iko mikononi mwenu, sogezeni hadi baada ya Idi.

## Siku yenyewe

12. Mambo yanapangwaje ili isiwe vurugu?

Chanjo kwanza, mapema asubuhi, ndani ya chumba chenye pazia au kanga mlangoni, mmoja anaingia mwingine anatoka. Sindano ni ya juu ya mkono, ya mara moja. Akishachomwa anaandikwa kwenye rejesta, anapewa kadi, kisha anakaa chini ya uangalizi kwa dakika 15.

Dakika hizo 15 ndizo darasa. Wasichana wamekaa kivulini, hawana pa kwenda, hofu ya sindano imeisha na wamechangamka. Hapo muuguzi azungumze: hedhi inakuwaje, maumivu ya kawaida ni yapi na yasiyo ya kawaida ni yapi, zahanati ya karibu ina siku gani ya vijana, nani wa kumwendea ukiguswa usivyotaka. Atoe na karatasi za kuandikia maswali bila jina. Ukisoma maswali kumi ya mwanzo utajua shule hiyo ina shida gani.

Mwisho kuwe na meza moja ya pembeni, mbali na masikio, kwa anayetaka kuongea peke yake. Wote wapitishwe hapo walau kusalimia. Ikiwa anayekwenda ni yule mwenye shida tu, kila mtu atamjua.

13. Dawa za minyoo na kichocho zinaweza kutolewa siku hiyo hiyo?

Kitabibu ndiyo, haziingiliani na chanjo. Kiutendaji, angalieni.

Dawa ya kichocho ni vidonge vikubwa vinavyopimwa kwa kimo cha mtoto, na mara nyingi huleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, zaidi kwa mwenye njaa au mwenye vimelea vingi. Mtoto akitapika saa nne asubuhi baada ya kupata vyote viwili, jioni kijijini hatasemwa kidonge, itasemwa sindano. Kwa hiyo sisi tunapendelea vitu viwili tofauti: chanjo siku moja, dawa wiki nyingine. Pale ambapo gari haliwezi kurudi, kama Songosongo au vijiji vya ndani vya Liwale, basi chanjo asubuhi, uji, kisha dawa, na wazazi waambiwe mapema kipi kitaleta nini.

Kuziunganisha kuna maana kubwa kwetu kwa sababu kichocho cha mkojo kipo katika mikoa hii miwili, na kwa wasichana hakiishii kwenye kukojoa damu. Mayai yake hujikita kwenye uke na mlango wa kizazi, yakaleta vidonda, ute na damu. Binti ambaye hajawahi kukutana na mwanaume anaweza kupelekwa zahanati akaambiwa ana ugonjwa wa zinaa, akapigwa nyumbani, kumbe ni maji ya bwawa aliyokuwa akichota na kufulia. Vidonda hivyo humweka pia kwenye hatari kubwa zaidi ya VVU. Hili lisemwe waziwazi kwenye zile dakika 15.

Angalizo: dawa nyingine, kama ile ya matende na mabusha, hazitolewi kwa mjamzito. Asiyemeza asiulizwe sababu mbele ya wenzake.

14. Wasichana wawili wakizimia, wengine wanafuata. Tufanye nini?

Hutokea kwa sindano yoyote katika umri huu, na chanzo ni hofu na njaa, chanjo haihusiki. Wale wapate uji kwanza, wachomwe wakiwa wamekaa, wasipange foleni wakiwatazama wanaochomwa. Aliyezimia alazwe chini, miguu juu, apelekwe pembeni bila kelele. Maumivu ya mkono, kichwa na homa ndogo huisha ndani ya siku mbili au tatu. Mzio mkali ni nadra sana, huanza ndani ya dakika chache, na ndiyo sababu ya kukaa dakika 15 na ya timu kutembea na dawa za dharura.

15. Kwa nini basi tusilete kliniki nzima: vipimo vya VVU, uzazi wa mpango, kila kitu?

Kwa sababu foleni ya shule haina siri. Huduma inayofaa kuunganishwa ni ile ambayo kila mtoto anaweza kuipata mbele ya mwenzake bila aibu: dawa, elimu, kuangalia macho, kuangalia weupe wa viganja na kope kwa upungufu wa damu. Huduma inayomtofautisha mtu, yaani VVU, mimba, uzazi wa mpango, magonjwa ya zinaa, inaunganishwa kwa rufaa. Binti anatoka na taarifa ya wapi aende, siku gani, na amuulizie nani.

Kipimo cha VVU kina sheria yake pia. Tangu marekebisho ya 2019, kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa. Chini ya hapo mzazi au mlezi anahitajika. Walengwa wa chanjo karibu wote wako chini ya umri huo.

Kuna wataalamu watakaosema tunapoteza nafasi. Huenda. Lakini chanjo ikishapoteza imani ya wazazi hatutaipata tena kwa miaka mingi, na pamoja nayo tutapoteza hayo mengine yote. Afadhali vitu viwili au vitatu vinavyokamilika kuliko saba vya kujaza fomu.

16. Taulo za kike zigawiwe siku hiyo?

Kama zipo za kutosha wote na za zaidi ya mwezi mmoja, sawa. Pakiti moja kwa mwaka ni picha ya gazeti. Hela hiyo ikitengeneza mlango wa choo wenye komeo na ndoo ya maji, itamsaidia binti kila mwezi.

## Kwa walimu na halmashauri

17. Mwezi gani unafaa?

Wiki ya kampeni ya kitaifa hupangwa juu. Ila ufuatiliaji na huduma za mkoba (timu kuwafuata watu vijijini) ni wa halmashauri, na hapo kalenda ya kusini ndiyo iongoze. Oktoba hadi Desemba ni korosho. Darasa linabaki nusu. Juni na Desemba ni likizo na unyago. Machi hadi mwanzoni mwa Mei ni mvua, na hatujasahau Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam ilipokatika Somanga. Septemba darasa la saba wana mtihani. Kinachobaki ni Februari, kisha mwishoni mwa Julai na Agosti. Kwetu Agosti ndiyo bora: njia zimekauka na watoto wapo.

18. Nani anaongoza?

Hapa pana tatizo la kweli, na si la kitabibu. Chanjo ina mratibu wake, afya ya uzazi na mtoto wake, kichocho na minyoo wake. Kila mmoja ana bajeti, rejesta na gari lake, na wote wanakwenda shule ileile kwa wiki tofauti. Mwalimu mkuu anapoteza siku tatu za masomo, halmashauri inalipa mafuta na posho mara tatu.

Pa kulimaliza ni kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai: safari moja, orodha moja ya wanafunzi kwa majina na umri, mratibu mmoja anayewajibika siku hiyo. Mratibu wa chanjo ndiye anayefaa, kwa sababu chanjo inatunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, haisubiri mtu, na ikiganda inaharibika. Mengine yafuate ratiba ya sanduku la baridi. Afisa elimu kata aitwe tangu kikao cha kwanza, asipelekewe barua mwishoni.

19. Jambo hili limewahi kufanyika huku, au tunajaribiwa?

Limefanyika. Mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule ulianzia Kanda ya Kusini mwaka 2013, kwa Lindi, Mtwara na Ruvuma, na wazazi wengi wanakumbuka mtoto akirudi na chandarua kipya. Kampeni ya surua na rubella ya Oktoba 2014, iliyowafikia watoto hadi chini ya miaka 15, ilibeba pia matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Kwa chanjo ya HPV yenyewe, jaribio la Mwanza katika shule za msingi 134 lililinganisha kuchanja kwa darasa na kuchanja kwa umri, na kuchanja kwa darasa kukafikisha wasichana wengi zaidi kidogo.

## Hali zisizo za kawaida

20. Binti hasomi, au ameacha shule.

Ana haki ileile. Aende zahanati siku yoyote ya chanjo, au asubiri huduma ya mkoba kijijini. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanawajua: wanaouza samaki ufukweni, wanaolea wadogo zao, waliokwenda kufanya kazi za ndani wakarudi. Madrasa pia ni mahali pazuri pa kuwapata, kwani wapo wanaohudhuria madrasa na shule hawakanyagi.

21. Ametimiza miaka 15 hajachanjwa. Na yule aliyepata dozi moja tu kati ya mbili?

Wa kwanza ametoka nje ya umri wa mpango. Aulize kituoni kuhusu uwezekano mwingine, na akumbuke uchunguzi wa mlango wa kizazi umri ukifika (swali la 26). Wa pili, kama hana tatizo la kinga, amekamilika kwa mwongozo wa sasa.

22. Ana mimba, au ananyonyesha.

Mjamzito atachanjwa baada ya kujifungua kama umri bado unaruhusu. Anayenyonyesha anachanjwa bila shida. Kuhusu kupimwa, tazama swali la 8.

23. Anaishi na VVU.

Achanjwe, tena yeye anaihitaji zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye upungufu wa kinga wapate angalau dozi mbili, ikiwezekana tatu. Dozi ya kwanza aipate shuleni kama wenzake, kimya kimya. Zinazofuata zipangwe na kliniki anakochukua dawa. Asitajwe wala kuwekewa alama kwenye orodha ya shule.

24. Ametoka ng'ambo ya Ruvuma na hana cheti cha kuzaliwa.

Achanjwe. Kirusi hakiulizi uraia. Umri ukadiriwe kwa darasa, kwa mlezi, au kwa tukio linalokumbukwa. Kama ana kadi ya chanjo ya Msumbiji, isomwe kwanza.

25. Kwenye meza ya pembeni binti amesema anafanyiwa ukatili, na anayefanya ni mtu wa nyumbani au mwalimu.

Mhudumu asimrudishe kwa mwalimu yuleyule aulizwe "kama ni kweli". Asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Amweleze kwa upole nani lazima ajue. Kisha ofisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi wajulishwe siku hiyo hiyo, na kama tukio ni la karibuni afikishwe hospitali ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Timu isiyo na njia hii mkononi kabla ya kutoka ofisini isiweke meza ya pembeni, kwa sababu kumfungua mtoto mdomo kisha kumwacha hapohapo ni kumwongezea hatari.

26. Mimi ni mama yake. Chanjo imenipita umri, mimi je?

Wewe una uchunguzi. Nenda kituo cha afya chenye huduma hiyo, au hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, ulizia uchunguzi wa awali wa mlango wa kizazi. Hushauriwa kuanzia miaka 30, na 25 kwa anayeishi na VVU. Huchukua dakika chache, na mabadiliko ya mwanzo yakionekana yanaweza kutibiwa kabla hayajawa saratani. Barua ya chanjo inayokwenda kwa mzazi ingepaswa kuwa na mstari huu. Kama ya shule yenu haina, mwalimu auongeze kwa kalamu.